Kwanza Maharage, Ndipo Ng'ombe

Jumamosi, 16 Novemba. Mvua ilianza kabla misa haijaisha, ikatufuata mpaka makaburini kule Kabuga, na ilipochoka ikabaki manyunyu, yale yanayolowesha mabega bila mtu kujua. Tumemzika Dokta Spesioza, mtaalamu wa maharage. Baada ya kuzika tulikaa chini ya hema nyumbani kwake, viatu vizito kwa tope, na watu wakaanza kusimama mmoja mmoja kumzungumzia marehemu. Huku kwetu mtu hasemi kabla hajaeleza yeye ni nani kwa aliyelala. Wa kwanza akasema, mimi ni shemeji yake. Wa pili, mimi alinisimamia ubatizo. Wa tatu, mzee wa kofia ya manyoya, akasema nyumba yake na ya marehemu zilipeana ng'ombe, na uzao wa ng'ombe huyo bado upo. Nikajikuta nawawekea alama kichwani mwangu, huyu kata, huyu kata, huyu naye kata, na nadhani nilitabasamu, kwa sababu mume wangu Kalisa aliniinamia akaniuliza, "Sasa unacheka nini msibani?" Nikamwambia nimekumbuka kazi. Alifikiri nasema duka letu.

Kazi niliyoikumbuka ni ya mwaka mmoja tu, na sasa imepita miaka kama ishirini. Nilikuwa binti mwenye cheti cha kidato cha nne kutoka ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na kozi fupi ya kompyuta, na sikujua kwamba wasomi huhesabiwa. Nieleze kama nilivyoelezwa, kwa sababu mimi mwenyewe nilihitaji kuambiwa zaidi ya mara moja. Msomi akiandika makala, mwishoni anataja wale aliowasoma na kuegemea kazi zao. Jina lako likiwa pale, umetajwa. Ukitajwa na wengi, wanasema kazi yako ina uzito. Kamati fulani ilitaka kumpata mkuu wa kitengo cha utafiti wa maharage, na wenye kuomba walibaki wawili, Spesioza akiwa mmoja wao. Ili wasilaumiwe kwa upendeleo, wakaamua ihesabiwe kwanza nani ametajwa kiasi gani, na kazi hiyo ikapewa ofisi yetu. Nasema ofisi, lakini ilikuwa nyumba ya kupanga Kagugu, wakati ule Kagugu bado ina mashamba ya mtama kati ya nyumba. Sebuleni kulikuwa na meza mbili na kompyuta iliyovuta mtandao polepole hadi unaweza kumenya viazi ikitafuta jina. Chumba kikubwa kilikuwa cha majarida ya karatasi, ya Kifaransa mengi, kutoka Bujumbura na Bukavu, ambayo mashine haikuyajua hata kidogo. Yaliyozidi tuliyapanga bafuni ndani ya beseni la kuogea, tukafunga bomba kwa kitambaa lisije likadondosha maji. Mpaka leo nikisikia harufu ya karatasi yenye unyevu naona vigae vile vya rangi ya waridi.

Tulikuwa watatu. Mkuu wetu alikuwa Mama Rehema, Mtanzania wa Tanga, aliyekuwa mkutubi kwao kabla ya kumfuata mumewe aliyefanya biashara ya malori hapa. Alivaa miwani yenye mnyororo na alikuja na vitumbua ndani ya hotipoti. Wa pili alikuwa Mzee Deo, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, Mnyarwanda, ambaye ukimtajia jina lolote la nchi hii atakwambia kilima, baba, na harusi ilifungwa na padri yupi. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni lakini hakikumkwamisha kamwe. Wa tatu ni mimi. Kazi ilikwenda kwa sauti: Mzee Deo anasoma orodha ya marejeo ya makala, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ya mtu anayesoma masomo kanisani, mimi nachora kijiti kwenye karatasi kila likija jina la mmoja wa wale wawili, na Mama Rehema anafuatisha kwa kidole asije mtu akaruka. Asubuhi nzima nyumbani yalisikika majina tu. Mwanamke wa jirani alidhani tunaombea marehemu, akatuuliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama tunaweza kumuongeza mama yake.

Saa ya chakula ndiyo niliipenda. Mzee Deo alileta parachichi na viazi vya kuchemsha, mimi nilikaanga dodo, ule mchicha wa huku, na vitunguu, chai ya tangawizi ilikuwa ya Mama Rehema na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigusa. Hapo ndipo nilisoma shule yangu ya pili. Siku moja Mama Rehema alitufundisha hesabu ya kulinganisha ambayo wasomi wanaitumia. Panga maandishi ya mtu kwa mstari, lililotajwa zaidi likae mbele. Tembea ukihesabu, moja, mbili, tatu, na kila andiko uliulize, wewe umetajwa angalau mara sawa na namba yako? Likijibu hapana, simama. Namba ya lililotangulia ndiyo namba ya mtu huyo. Mzee Deo aliacha kutafuna. "Kumbe mtu iko na kitabu kimoja tu, dunia yote inakitaja, yeye anapata ngapi?" "Anapata moja, Mzee." "Na mwingine iko na vitabu vingi vya hivi hivi?" "Huyo anapata zaidi." "Basi afadhali kuzaa wengi wa wastani," akasema, na akarudi kwenye kiazi chake. Siku nyingine tuligombana, tena kweli, juu ya makala yenye waandishi watano: ikitajwa, kila mmoja apewe kutajwa kuzima au moja ya tano? Mzee Deo alisema mbuzi ni mmoja, watano hawawezi kila mmoja kwenda nyumbani na mbuzi. Mama Rehema akamjibu bila kuinua macho, "Mtoto wako akisalimiwa njiani, wewe nyumbani unasema mwanangu kasalimiwa, na mama yake naye anasema mwanangu kasalimiwa. Nani kati yenu anasema nusu?" Tukampa kila mmoja kutajwa kuzima. Sijui hadi leo kama ilikuwa sawa. Nilijiona mjinga kuwa katikati yao na nilikuwa na furaha ambayo sikuijua jina.

Tatizo lilianza na sheria nzuri. Tuliagizwa tusihesabu mtu anapojitaja mwenyewe, na hilo hakuna aliyelipinga, maana mtu anaweza kujitaja mpaka jua lizame. Kisha asubuhi moja Mzee Deo alikuwa anasoma, akalifikia jina la aliyemtaja Spesioza, akainua kichwa. "Huyu iko mume wake," akasema. Mama Rehema akavua miwani. Akafikiri, akachukua kalamu nyekundu, akaweka msalaba. Mume na mke ni kitu kimoja, akasema. Kesho yake ikawa shemeji. Wiki iliyofuata akaja aliyesimamiwa naye ubatizo, kisha aliyekuwa mpambe wa harusi yake, kisha mwanafunzi wake aliyekaa nyumbani kwake muhula mzima akila chakula chake. Mzee Deo hakufanya kwa ubaya, nisimsingizie. Alipenda kujua, na aliona ni uongo kukaa na ukweli mdomoni. Mama Rehema naye hakuwa na ubaya. Siku moja alinieleza tukiosha vikombe: "Vestina mwanangu, mimi mgeni hapa. Wakisema nimependelea, sina shangazi wa kunitetea. Hakimu hasikilizi kesi ya shemeji yake, basi na mimi sihesabu shahidi ambaye ni shemeji." Niliona ana haki. Ilipofika zamu ya ng'ombe, sikuona ajabu tena. Mtafiti mmoja wa upande wa kaskazini alikuwa amemtaja Spesioza katika kila alichoandika, na Mzee Deo akasema, "Huyu alimupa ng'ombe. Nyumba hizi mbili zinatembeleana. Hii si kutajwa, hii ni kwenda kusalimia." Kila nyumba hapa inajua uzito wa ng'ombe wa kupeana: mkishapeana mmefungana, wajukuu wenu wataendeana kwenye misiba. Msalaba mwekundu ukashuka kwenye kurasa zote za bwana yule. Ilipofika mwezi wa sita, karatasi za Spesioza zilikuwa kama shamba lililoliwa na nyani.

Za mwenzake zilikuwa safi. Huyo alikuwa Dokta Kenneth, Mnyarwanda aliyekulia Uganda na kusomea mbali zaidi, kwa Wazungu, mdogo kwa Spesioza kwa miaka kadhaa. Alishughulika na maharage mafupi ya nchi kavu ya mashariki, yasiyohitaji mti. Spesioza yeye alikuwa wa maharage marefu, yale yanayopandishwa kwenye fito, yanayopatana na vilima vyenye baridi. Nataka kuwa wa haki: kazi zote mbili zililisha watu. Ila mmoja akipata ukuu, viwanja vya majaribio vya kitengo vitakuwa chini yake, na ilisemwa wazi kwamba bajeti haitoshi vilima na tambarare pamoja. Spesioza alikuwa na viwanja vyake juu ya mlima, mbegu alizochagua msimu kwa msimu tangu hajazaa. Akikosa nafasi ile, vilikuwa hatarini kugawiwa, naye kuitwa mjini kukaa ofisini.

Wote wawili waliruhusiwa kuja kukagua hesabu zao. Spesioza alikuja mchana tukila. Mwanamke mfupi, mpana, buti zenye udongo mwekundu, akazivua mlangoni bila kuambiwa akaingia na soksi. Mama Rehema alimkaribisha chakula. Akasema atakula akishaona. Alifunua karatasi polepole. Nilitamani kuingia kwenye beseni na majarida. "Mzee Deo," akasema, kwa sababu kumbe walijuana, "huyu mmemkata kwa nini?" "Dokta, huyu ni shemeji yako." "Na huyu?" "Ulimusimamia ubatizo." Akacheka kidogo, akaendelea mpaka akafika kwa bwana wa kaskazini, ukurasa mzima mwekundu. "Na huyu?" "Mulipeana ng'ombe," akasema Mzee Deo, sauti ikiwa imeshuka. Spesioza akakaa. Hakukasirika, au alikasirika kwa namna nisiyoijua. "Nilikuwa simjui mtu huyu," akasema. "Alipanda mbegu yangu kwenye kilima chake mwaka ambao maharage ya watu wote yalioza. Ya kwake yakashika. Akaandika hivyo kwenye makala yake, na akaleta ng'ombe nyumbani kwangu. Kwanza maharage, ndipo ng'ombe. Ninyi mmeanzia nyuma." Akageukia Mama Rehema. "Mama, maharage haya yanaota hapa, na Burundi, na Kivu. Nani mwingine ataniandika? Mtu wa nchi isiyo na milima? Nimefanya kazi na watu hawa mpaka wakawa ndugu. Sasa undugu umekula kazi." Kisha akavuta kiti, akachukua sahani, akala viazi na dodo kama mtu aliyetoka shambani, akamsifu Mama Rehema kwa chai, akavaa buti zake akaenda. Hakutuomba chochote. Kama angeomba, nadhani ingekuwa rahisi kwetu.

Siku zile baada ya hapo tulisoma majina bila raha. Mama Rehema alisema sheria ni sheria, kisha alisema labda, kisha alisema tusubiri. Ndipo akaja Dokta Kenneth, na gari la mkopo na shati lililopigwa pasi vizuri mno. Nilijiandaa kumchukia, sikupata nafasi. Alisoma karatasi zake, akazisoma tena, akauliza, "Mbona mimi siko na alama nyekundu hata moja?" Mama Rehema akamweleza sheria. Akaomba aone za mwenzake, na kwa kuwa hapakuwa na katazo, alionyeshwa. Kisha akaweka kidole kwenye jina moja kwenye karatasi yake. "Huyu alikuwa mwalimu wangu. Mke wake ndiye alinifundisha kuvaa koti la baridi. Huyu tulikaa chumba kimoja. Huyu nilisimama kwenye harusi yake, na mtoto wake anaitwa jina langu." Akatutazama. "Hawa muliwaacha kwa nini?" Mzee Deo akasema polepole, "Wazungu wako hatuwajui, Dokta. Hatujui nani ameoa nani kule." "Basi hamukukata ndugu," akasema Kenneth. "Mulikata watu munaowajua." Mzee Deo alitoka nje akasimama kwenye mtama. Mama Rehema akamsukumia Kenneth kalamu nyekundu, sijui kama kwa hasira au kwa heshima. "Basi zikate mwenyewe, mwanangu, maana wewe ndiye unayewajua." Aliishika. Nilimwona akihesabu kwa macho, mtu yeyote angehesabu. Akairudisha mezani. "Mukikata zangu, tutabaki wawili hatuna kitu, na kamati itamchukua mtu wa tatu kutoka nje. Rudisheni zake."

Tulizirudisha. Tulikuwa tumesoma miezi mingi, tukalazimika kusoma tena, Mzee Deo akisoma kwa sauti ndogo kuliko zamani. Aliyejitaja mwenyewe tu ndiye aliyeachwa nje. Mume, shemeji, ubatizo, ng'ombe, wote wakaingia, na Mama Rehema akaandika katika ripoti kwamba katika nchi ndogo wanaofanya kazi moja huishia kuwa jamaa, na kwamba ofisi haina njia ya kujua kipi kilianza. Sentensi ile aliiandika kwa mkono kwanza, akanipa niichape, na niliichapa kwa uangalifu kuliko kitu chochote nilichochapa maishani. Mwezi uliofuata kamati ilimchagua Kenneth. Mkataba wetu ukaisha, nyumba ya Kagugu ikapata wapangaji wengine, Mama Rehema akarudi Tanga ambako alifia, Mzee Deo naye alitangulia. Mimi nikaolewa, nikafungua duka Niboye. Na kwa miaka yote hii, nikipanga makopo au nikisubiri mteja, nimekuwa nikijiuliza kama ile misalaba, hata baada ya kufutwa, haikuwa imeshaonekana na mtu. Karatasi zilibaki na vivuli vya wino. Mimi ndiye niliyezipeleka kwa kamati, na sikuambiwa niziandike upya.

Leo jioni hema lilipoanza kuvuja watu walitawanyika, na barabarani tukamkuta mzee mrefu amesimama chini ya bati la duka la vocha, suti imelowa mpaka magotini. Nilimtambua kabla hajanitambua: Dokta Kenneth. Gari lake lilikuwa limekwama kwenye tope nyuma ya kanisa, likisubiri kijana wa trekta, basi Kalisa akampakia tukaja naye Niboye akauke kwanza. Nilimpa taulo na sweta la Kalisa lililomfika kiunoni kama la mtoto. Alipojua mimi ni nani alikaa akanitazama, akasema, "Yule wa vijiti." Ndiyo, Dokta, yule wa vijiti. Nikamuuliza lile lililonikaa miaka ishirini, kwa sababu kama si leo basi lini. Alifikiri kabla ya kujibu, na nilimpenda kwa hilo. "Ripoti yenu ilisema tuko karibu sawa," akasema. "Wakatuita wote wawili kuongea mbele yao. Mimi niliongea Kiingereza, yeye aliongea Kifaransa, na mwaka ule walikuwa wanataka Kiingereza. Sikusikia mtu akitaja misalaba. Labda waliiona, siwezi kukuapia." Nilipata nafuu, halafu nikaona kwamba nafuu yenyewe haimsaidii Spesioza kitu. Nikauliza na viwanja vyake. "Viko. Juu ya mlima. Kila bajeti nilipigana na watu juu ya viwanja hivyo, na kila mwaka alikuja ofisini kwangu kunilaumu kwamba sikupigana vya kutosha." Akajifuta uso kwa taulo. "Alikuwa na haki mara nyingi."

Kalisa, ambaye alikuwa jikoni na hakusikia lolote, akaja na sahani akauliza kama inavyoulizwa, "Mzee, na wewe marehemu alikuwa nani wako?" Kenneth akavuta mikono ya sweta, haikufika. "Tuliomba kazi moja," akasema. "Nani aliipata?" "Mimi." Kalisa akasimama na sahani zake, hajui azitue au la. "Na umekuja kumzika kwenye mvua yote hii." "Yeye angekuja kwangu," akasema Kenneth. "Angechelewa, na angeacha buti zake za tope mlangoni kwangu. Lakini angekuja." Kalisa akamsogezea kiti cha karibu na jiko, pale anapokaa kaka yake akija. Tulikula ugali wa muhogo, isombe ya kisamvu iliyolala tangu jana, na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga na ndimu. Kenneth aliongeza mara mbili.